Riba ya Marekani na Ukumbi wa Kilburn

Wahaya wana sifa ya kujisifu, na wenyewe hawakatai. Ukikaa na Mhaya robo saa tu, utakuwa umeshajua mtoto wake kasomea nini, nyumba yake ina vyumba vingapi na mjomba wake alipanda ndege mwaka gani. Sasa Mzee Laurean alikuwa Mhaya mwenye shida moja kubwa: hakuwa na cha kujisifia. Shule aliishia darasa la nne, huko jirani na Bukoba. Hapa Landani alisafisha mabasi miaka ishirini na miwili kwenye gereji moja ya Walthamstow, kisha akastaafu na goti bovu. Kazi ya halali, watoto walikula, lakini huwezi kusimama kwenye harusi ya watu ukasema mimi ndiye niliyekuwa nakwangua bigijii chini ya viti.

Na Godbless alilijua hilo. Godbless ni Mchaga wa Machame, dereva wa basi aliyestaafu, na ndiye katibu wa Umoja. Miaka mingi yeye aliendesha mabasi ambayo Laurean aliyasafisha, wakazoeana mpaka wakawa hawawezi kukutana bila kuchokozana. Alikuwa anamuuliza mbele za watu, wewe Mhaya gani, huna hata cheti cha kutuonyesha. Laurean anacheka, anasema anangoja. Unangoja nini? Nangoja tu.

Alichokuwa anangoja ni Irene.

Irene ni mjukuu wake, binti wa binti yake, kazaliwa hapahapa Walthamstow, ana miaka ishirini na minne. Anafanya kazi katikati ya jiji, kwenye jengo la vioo vitupu, ofisi ya pensheni. Kazi yake ni kuangalia pesa za wastaafu zimewekwa wapi na zinaendaje. Kiswahili anakisikia chote, ukimsengenya utaumbuka, lakini ukimwambia jambo anakujibu kwa Kiingereza. Wako hivyo watoto wetu wa huku. Babu yake anamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na wanaelewana vizuri kuliko watu wengi wenye lugha moja.

Sasa Umoja wenyewe. Ni chama cha kuzikana cha Watanzania, watu arobaini na kitu, wanakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi wa kanisa, Kilburn. Ukumbi wa kukodi. Wanaingia saa nane, na saa kumi na mbili kamili wanaingia akina dada wa mazoezi na vimkeka vyao. Kuna siku walikuwa kwenye arobaini ya marehemu mmoja, wali haujamaliza kugawiwa, dada wa mazoezi akachungulia mlangoni kuuliza kwa upole kama wanakaribia kumaliza. Wazee wazima wakabeba sahani zao wakamalizia kula kituo cha basi, kwenye mvua. Siku ile Umoja uliapa kununua ukumbi wake. Wakaanza kuchanga, na mwaka wa kumi na moja fungu la ukumbi likafika pauni elfu arobaini.

Mwaka jana Laurean alimleta Irene awape ushauri, maana pesa ilikuwa imelala benki tu na kila kitu kinapanda bei. Irene aliwaambia kwanza watenganishe mafungu. Fungu la msiba libaki benki, lisiguswe, kwa sababu mtu akifa hatakungoja. Fungu la ukumbi, ambalo walisema wenyewe hawalihitaji kabla ya miaka kumi, hilo linaweza kutembea. Wakapiga kura, wakaliweka kwenye mfuko wa hisa za Ulaya. Yaani unanunua vipande vidogovidogo vya kampuni mamia kwa mpigo, za dawa, za chokoleti, za mashine za kufulia. Likapanda kidogo. Watu wakampenda Irene, wengine wakaanza kumuulizia kama ana mchumba.

Halafu benki kuu ya Marekani ikakaa kikao chake.

Godbless ndiye aliyeleta habari, kwa simu, kwenye grupu la Umoja. Kwamba Marekani wamesema jambo la riba, na hisa za Ulaya zimedondoka. Kesho yake akaandika zimedondoka tena. Wiki ya pili elfu arobaini ilikuwa imebaki elfu thelathini na saba na mia sita. Grupu likawaka moto. Mmoja akauliza, sisi tumeweka Ulaya, Marekani wanatuhusu nini? Mwingine akaandika kwamba pesa ya wafiwa si ya kuchezea kamari. Godbless akapeleka hoja rasmi: Jumamosi wapige kura wauze zote, kilichobaki kirudi benki.

Laurean alisoma hiyo hoja akiwa jikoni, miwani puani, mara tatu. Pesa ilimuuma, ndiyo. Lakini kilichomnyima raha ni jina la mtoto. Wakiuza kwa hasara, habari itafungwa hapohapo na haitafunguliwa tena: mjukuu wa Laurean alikula pesa za ukumbi. Itasemwa kwenye misiba, itasemwa kwenye harusi yake, itafika Bukoba kabla ya Pasaka. Na yeye ndiye aliyemshika mkono akamwingiza mle ndani.

Umoja una sheria mbili ngumu. Ya kwanza, anayeleta jambo alisimamie mwenyewe, na ndugu yake asifungue mdomo kumsaidia, kwa sababu zamani koo zilikuwa zinajazana upande mmoja kama timu za mpira. Ya pili, kikao ni Kiswahili. Neno la Kiingereza ni faini pauni moja, kwenye kopo la biskuti analoshika mwenyekiti. Kwa hiyo Irene, ambaye babu yake hajawahi kumsikia akimaliza sentensi tatu za Kiswahili mfululizo, alitakiwa asimame mbele ya watu arobaini aeleze mambo ya benki kuu ya Marekani bila msaada.

Wiki nzima walifanya mazoezi pale jikoni. Laurean akaona dawa anayo. Ujana wake alibeba magunia kwenye chama cha ushirika cha kahawa, na hakusahau mwaka ule barafu ilipoanguka Brazili. Kahawa za Wabrazili zikaungua na baridi, na Bukoba, ambako hakuna mtu aliyejua hata Brazili iko upande gani, bei ikapanda. Kahawa ni ileile, gunia lilelile, mgongo wake uleule. Akamwambia Irene asimulie hivyo tu: kitu cha mbali kinatikisa bei ya karibu, halafu kinapita. Irene akauliza, kwa Kiingereza, kama babu ana hakika. Laurean akasema kahawa kila mtu anaielewa.

Jumamosi wakapanda treni Walthamstow, wakabadilisha Green Park, wakatokea Kilburn saa nane kasoro. Irene alivaa suti ya kazini. Njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza kimyakimya kama mtu anayesali rozari.

Mwenyekiti ni Sista Placida. Si mtawa, ni nesi wa zamani, watu wa nyumbani manesi wote tunawaita sista, na huyu hata alipostaafu hakuacha kukutazama kama anayekupima joto. Alimaliza ajenda ndogondogo, akaweka kopo la biskuti mezani, akasema, "Irene, mwanangu, jambo ni lako. Simama."

Irene akasimama, akawaamkia wakubwa wote shikamoo, akaanza. Neno la tatu likawa faini. Likafuata lingine. Lakini kahawa akaifikisha, Kiswahili chake kinachechemea kama goti la babu yake, barafu, Brazili, Bukoba, gunia lilelile. Laurean alikuwa amekaa safu ya pili, anaitikia kwa kichwa kwa kila neno kama anamsukuma kwa nyuma.

Alipomaliza, Godbless akainuka taratibu.

"Binti, umesema vizuri, na hiyo kahawa naijua," alisema. "Marehemu baba yangu alikuwa na shamba zima la kahawa pale Machame. Bei ikashuka. Wakamwambia, ngoja, kahawa ni ileile, itapanda. Akangoja miaka minane. Jirani yetu aling'oa yake, akapanda nyanya, akajenga nyumba ya bati la rangi. Baba alikufa anangoja."

Kichwa kimoja kikaitikia, na kingine, na kingine. Hapo ndipo Laurean alipogeuka kuwatazama watu aliokaa nao miaka yote hii, akaona jambo ambalo alipaswa kuliona tangu Jumatatu: nusu ya ukumbi ni Wachaga. Wote walikuwa na baba, au babu, au mjomba aliyeng'oa kahawa, na aliyeng'oa mapema ndiye aliyesomesha watoto. Yeye alikuwa amemvika mtoto silaha ya adui. Kwa Wahaya ingekwenda. Kwa watu wa Kilimanjaro ilikuwa sawasawa na kuwaambia: uzeni leo.

Akafungua mdomo. Sista Placida akamtazama, Laurean akaufunga.

Irene alibaki amesimama, mikono haijui iende wapi. Alimtazama babu yake mara moja tu. Laurean baadaye alisema hilo jicho hatalisahau, maana halikuwa la kulaumu, lilikuwa la mtu anayeuliza kama kuna kingine mfukoni, na mfukoni hakukuwa na kingine. Kisha yule mtoto akawaangalia watu. Safu ya mbele kulikuwa na kina mama wanne waliokuja moja kwa moja kutoka zamu, makoti juu, chini sare za kulea wazee, zile za zambarau.

Akasema, "Naomba kuuliza. Hapa wangapi wanafanya kazi za ejensi?"

Godbless akanyoosha kidole kwenye kopo. Ejensi, yaani wakala wa vibarua, ni Kiingereza, hiyo pauni. Sista Placida akafikiri, akasema watu wote humu wanalipwa na ejensi tangu waje nchi hii, hilo neno limeshapata uraia. Watu wakacheka, mikono ikainuka, thelathini hivi.

"Tuseme hapa Kilburn kuna nyumba ya wazee inawalipa pauni kumi na tatu kwa saa," Irene alisema. "Kazi ngumu. Wazee wengine wanapiga. Lakini mnakwenda. Siku moja ejensi kubwa ng'ambo ya barabara inasema, njooni kwetu, kumi na tano, na kazi ni kukaa tu karibu na mgonjwa aliyelala. Mnafanyaje?"

"Tumeshahama," akasema mama mmoja wa sare.

"Na ile nyumba ya mwanzo imeungua?"

"Iko palepale."

"Wazee wamekwisha?"

"Watakwisha wapi, na wananipiga kila siku."

"Basi pesa ni kama ninyi," Irene akasema. "Inakwenda inakolipwa. Na Marekani ndiyo ejensi kubwa. Benki yao kuu ikiweka riba juu, pesa inalipwa vizuri kwa kukaa tu, haina cha kuogopa." Hapo akamwona Mzee Matar, Mzanzibari mwenye kofia, anakohoa kwa sababu ya hilo neno riba, akamgeukia. "Mzee wangu, tunaisikiliza habari yake tu, hatuili." Matar mwenyewe akacheka. "Sasa wenye pesa wanauza hisa za Ulaya, wanapeleka pesa kule. Wakiuza wengi siku moja, bei inashuka. Kampuni ya chokoleti haijaungua. Watu bado wanafua nguo."

Laurean alikuwa amesahau kuitikia kwa kichwa. Sentensi alizihesabu mwanzoni, tatu, nne, saba, kisha akaacha kuhesabu. Maneno mengine yalikuwa yamepinda, ngeli zimegongana, lakini hakuna aliyejali. Na hayakuwa maneno yake yeye. Hakumfundisha hata moja. Ndipo alipokumbuka kwamba likizo tatu za chuo huyu mtoto alilea wazee ili alipe nauli, na yeye babu alikuwa anamwonea huruma tu, akidhani anachopata mle ndani ni uchovu.

Matar akanyoosha mkono. Akasema yeye alisoma vizuri, na safari hii Marekani hawakupandisha riba. Wameiacha ilipokuwa. Sasa kama haikupanda, kilichoshusha bei ni nini?

Swali zuri, na Godbless akaweka kalamu chini alisikie jibu.

Irene akasema tuseme mtaani imevuma kwamba mwezi huu ile ejensi kubwa inapunguza mshahara. Ile nyumba ya wazee ikafurahi, wafanyakazi watarudi, na wanaotaka kuinunua wakaanza kutoa bei nzuri kabla hata mtu mmoja hajarudi. Siku ya siku ejensi ikatangaza, hatupunguzi, na huenda tukaongeza. Hakuna kilichobadilika barabarani. Lakini waliokuwa wamelipia tumaini sasa wanauza, na bei inashuka. "Ndiyo hizo elfu mbili na mia nne," akasema. "Sorry, najua zinauma." Sista Placida akagonga kopo, pauni nyingine.

Godbless hakukaa. Huyu si mtu wa kushindwa kwa mfano wa nyumba ya wazee. Akauliza kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa anachokoza, "Nani kakwambia watarudi? Baba yangu naye aliambiwa."

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia.

"Sijui watarudi lini," Irene akajibu. "Mtu akikwambia anajua, usimpe pesa yako. Lakini baba yako alikuwa na kahawa peke yake, na alihitaji kula mwaka uleule. Sisi tuna kampuni mamia, na ukumbi tulisema baada ya miaka kumi. Kama tungekuwa tunanunua mwezi ujao, mimi mwenyewe ningesema tuuze leo. Na yule jirani yenu hakufanikiwa kwa kung'oa. Alifanikiwa kwa sababu alikuwa na nyanya za kupanda." Akavuta pumzi. "Babu Godbless, tukiuza leo, unapanda nini?"

Alimwita babu. Sijui kama alipanga au lilimtoka tu. Godbless alisimama mkono kwenye meza, kama dereva aliyefika njia panda na kibao hakipo. Kurudisha benki, pesa ilale, ukumbi uzidi kupanda bei mbele yao, hiyo alikuwa anaijua, alikuwa ameiishi miaka kumi na moja. Mwisho akasema, "Sina nyanya," akakaa.

Sista Placida akaitisha kura. Wanaotaka kuuza, mikono tisa. Wanaotaka pesa ibaki, akahesabu thelathini, kisha ule wa thelathini na moja ukainuka taratibu, umeshika kalamu ya katibu. Wakaongeza na azimio jingine, kwamba kila baada ya miezi mitatu Irene aje awaeleze pesa inaendaje, iwe imepanda au imeshuka, hasa ikiwa imeshuka. Faini zake zilikuwa pauni sita. Laurean alikwenda mezani na kuchechemea kwake, akazidondosha moja moja kwenye kopo, na sijawahi kuona mtu analipa faini kwa raha namna ile.

Dada wa mazoezi akachungulia mlangoni, saa kumi na mbili kasoro tano. Mama mmoja wa sare akamwambia asubiri kidogo tu, miaka tisa hivi, tunahama.

Pale mlangoni wakati wa kuvaa makoti, Godbless alikuwa anamngojea rafiki yake. Alijipanga kabisa, kajiegemeza ukutani, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kupokea mzigo wake.

"Haya, Mhaya," akasema. "Leo umepata. Sema, tukusikie."

Na Laurean alitaka kusema. Miaka ishirini na miwili ya mabasi, darasa la nne, harusi zote alizokaa kimya wenzake wakitaja vyeti, vyote vilimjia kwa pamoja. Alifungua mdomo. Irene alikuwa hatua mbili mbele, kina mama wamemzunguka, mmoja kamshika mkono anamuuliza habari za pensheni yake, na mtoto anajibu, anatafuta neno, analikosa, analizunguka, analifikia kwa njia nyingine.

"Nishikie koti," Laurean akamwambia Godbless.

Godbless akamshikia koti, akamvalisha mkono mmoja, akamvalisha wa pili, anangoja. Hakikutoka kitu. "Yaani leo ndiyo unanyamaza?" akamuuliza. Laurean akampiga begani mara mbili, wakatoka nje.

Treni ya kurudi ilikuwa na nafasi, wakakaa pamoja. Irene alikuwa amechoka, kalaza kichwa dirishani, na ndipo alipokiri kwamba kwenye kahawa alidhani kila kitu kimekwisha. Laurean akasema kosa lilikuwa lake, aliwasahau Wachaga, na mtu anawasahauje Wachaga. Wakacheka wote wawili mpaka mtu wa mbele akashusha gazeti. Vituo vikapita. Babu alikuwa anatazama mikono ya yule mtoto, midogo, haina hata sugu moja.

"Hebu nieleze tena," akasema. "Habari ya riba ya Marekani."

Irene akamgeukia, akamwambia kwa Kiingereza kwamba alielewa, alimwona kabisa akielewa.

"Nilielewa. Nieleze tena."

Walthamstow ndiyo mwisho wa reli, hakuna anayepitilizwa. Irene akajiweka sawa kitini, akakohoa kama aliyesimama mbele ya watu, akaanza. "Tuseme, Babu, kuna nyumba ya wazee Kilburn." Kwa Kiswahili, toka mwanzo, na safari hii hakuna aliyeshika kopo.